Ngwala ya Kushoto

Zephania alikuwa mtu wa kunusa. Maziwa aliyanusa kabla ya kuchemshwa na baada ya kuchemshwa, noti aliimulika juani kabla ya kuikunja, na mgeni akisema ametoka Moshi, Zephania alimwuliza amepanda basi gani na limeingia Same saa ngapi. Mkewe Beatha alipenda kusema kwamba mumewe alistahili kuzaliwa polisi, ila Mungu aliwahurumia wezi, akampa klabu ya mieleka.

Klabu yenyewe ilikuwa katika ghala la zamani karibu na reli, hapo hapo Same mjini. Ndani kulikuwa na magunia yaliyojazwa pumba za mpunga wa Ndungu, yakashonwa pamoja na kufunikwa turubai. Huo ndio ulikuwa uwanja. Vijana waliingia na kutoka, na wengi walitoka. Aliyebaki akaonekana ana kitu alikuwa mmoja tu, Redempta, binti wa milimani aliyeteremka mjini kusoma, akachungulia ghalani siku moja ajue zile kelele za watu kuanguka zinatoka wapi. Alikuwa mtoto wa darasa la sita. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini mwenye ngwala ya kulia ambayo ikikushika hujui umeangushwa na nini.

Miezi michache mbele kulikuwa na mashindano ya mkoa kule Moshi, na mshindi angeitwa timu ya taifa. Zephania hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Alikuwa na Priska, ndiyo, wa uzito ule ule, mwenye bidii na adabu, lakini bidii na adabu hazimwangushi mtu. Kumpoteza Redempta kulikuwa ni kufunga ghala na kurudi mlimani kulima tangawizi, na wale waliomwita mzee wa magunia wangecheka mpaka machozi yawatoke.

Sheria yake kuu aliiandika mwenyewe katika katiba ya klabu: mwanachama asicheze popote bila ruhusa ya kocha, na atakayekiuka afungiwe mwaka mzima. Ruhusa yenyewe aliitoa mara mbili kwa mwaka, kwa shingo upande.

"Mieleka hupikwa jikoni," aliwaambia. "Uwanjani ni kupakua tu. Anayepakua kila siku atawalisha watu kibichi."

Wala hakuwa anabwabwaja. Kabla ya Redempta alikuwepo Paskali, kijana wa Hedaru, aliyejua kabali moja, na kabali hiyo ilimpa ushindi kila gulio. Akienda Makanya anashinda, akirudi Hedaru anashinda, ikawa kila wiki yuko uwanjani na kila wiki kabali ni ile ile. Zephania akimwambia ajifunze kitu kingine, anajibu, "Cha nini, kocha, na hii inafanya kazi?" Siku alipokutana na watu wa Arusha walioijua dawa ya kabali, walimtoa bega. Siku hizi anaendesha bajaji kwa mkono mmoja na nusu. Tangu hapo Zephania akaona mechi za mara kwa mara ni ugonjwa, na akaweka mlango wa ghala kati ya vijana wake na ugonjwa huo.

Basi, mambo yalianza Alhamisi moja. Redempta aliingia mazoezini, akasema shikamoo kocha, Zephania akaitikia marahaba, na papo hapo macho yake yakatua kwenye mikono ya binti. Ilikuwa na vipele, na alikuwa akijikuna. Zephania aliijua namna ile ya kujikuna. Ni ya mtu aliyegusana na makapi ya mkonge, na Same mjini hakuna makapi ya mkonge ya mtu kugusana nayo.

"Jana ulikuwa wapi?" aliuliza. Jumatano Redempta alikuwa akiomba ruhusa, akisema anamsaidia mama yake mdogo kuuza ndizi.

"Gulioni, kocha. Na mama mdogo."

"Gulio gani?"

"La Kisiwani."

Zephania aliguna. Upande wa Kisiwani, chini kabisa, kulikuwa na kambi ya wakata mkonge, watu waliotoka Kigoma, Singida na kwingineko. Kambini humo alikuwepo mtu mmoja anaitwa Habibu, aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye kila Jumatano, gulio likichangamka, aliandaa bonanza la mieleka. Habibu naye alikuwa na wachezaji wa kupeleka Moshi.

Siku ile ile, mazoezi yakiwa yamekolea, Redempta akaja na swali.

"Kocha, ukimpiga mtu ngwala ya kushoto halafu akakaza goti la ndani, unafanyaje?"

Zephania alimtazama. Mguu wa kushoto wa Redempta ulikuwa wa kutembelea tu. Miaka yote hakuwahi kuuangushia mtu. Na tena, humo ghalani hakuna aliyekaza goti la ndani. Hajawahi kuwafundisha. Swali hilo lilikuwa na miguu, limetembea kutoka mahali fulani.

"Unamvuta mkono kwako," alisema.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine, ya kugeuza nyonga kwanza ndipo uvute, aliimeza. Alijiambia kwamba kama binti ametumwa, basi aliyemtuma ale nusu.

Alhamisi iliyofuata likaja swali jingine, na baada yake jingine. Ukimshika mtu mwenye jasho mkono unateleza, ushike wapi? Mtu mfupi kuliko wewe akikuinamia, unamwinuaje kwa kushoto? Kila Alhamisi vipele, kila Alhamisi swali, na kila swali Zephania alilijibu nusu. Halafu Jumatatu moja Redempta akamwangusha Priska kwa kushoto, chini pu, kabla Priska hajaelewa. Kocha mwingine angepiga makofi. Zephania alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

"Makande yanapoa, Baba Koleta," Beatha alisema.

"Anafundishwa na mtu mwingine."

"Nani?"

"Redempta. Ana kocha wa pembeni. Mguu hauoti wenyewe kama uyoga."

"Si umwulize?"

"Nimwulize anidanganye? Mtu wa namna hiyo haulizwi, anakamatwa."

Beatha alicheka, akasogeza bakuli. Alimjua mumewe: akishapata tuhuma, huitunza kama mgeni, huipa kiti na kuiongezea chai.

Jumatano Zephania akapanda basi la Kisiwani, amevaa kofia ya pama aliyoazima kwa shemeji yake. Gulioni akajibanza nyuma ya makoti ya mitumba, akanunua moja asilolihitaji ili mwenye duka asimfukuze. Ng'ambo ya wauza mbuzi watu walizunguka duara, na katikati ya duara kulikuwa na lundo la makapi makavu ya mkonge, limetandazwa. Hapo ndipo walipoangushana.

Redempta aliingia, peku, amefunga kitambaa kichwani. Aliyemkabili alikuwa Saada, dada wa Kigoma mwenye mikono ya mtu anayefunga mizigo ya mkonge toka asubuhi mpaka jua la utosi. Zephania alimpima kwa jicho moja. Ana nguvu lakini mzito wa kugeuka. Ngwala moja ya kulia na mchezo umekwisha.

Ngwala ya kulia haikutoka. Redempta aliingia kwa kushoto, Saada akakaza goti la ndani, akamgeuza na kumlaza makapini. Watu wakashangilia. Akainuka, akaingia tena kwa kushoto, akalazwa tena. Mara ya tatu nafasi ya kulia ilikuwa wazi hata kipofu angeiona, Zephania mwenyewe mguu ukamtikisika nyuma ya makoti, lakini Redempta aliiacha ipite. Alikuwa kama mtu mwenye panga kiunoni anayeamua kupigana na nyoka kwa kijiti. Akashindwa, akamshika Saada mkono, akatoka anatabasamu.

Halafu Habibu mwenyewe, mrefu, ndevu zimechongwa, akamsogelea na maji ya kopo na kumnong'oneza kitu sikioni.

Zephania hakuhitaji kuona zaidi. Njiani kurudi alilipanga lote. Redempta anajiachia kwa makusudi. Anampa Saada mwili wake aujue, anamzoesha, ili siku ya Moshi Saada amlaze mbele ya watu na Habibu apeleke mtu wake timu ya taifa. Na maswali ya Alhamisi? Anamchimba yeye, anapeleka kwa Habibu. Kila kitu kiliingia mahali pake vizuri mno, na moyo ulimwuma kweli kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea yule binti. Alimfunga bandeji, alimnunulia raba za kwanza, alikwenda mpaka kwao mlimani kumwombea ruhusa kwa baba yake aliyeona mieleka ni wazimu.

"Sasa umemkamata," Beatha alisema usiku ule. "Mwite uzungumze naye."

"Nampeleka kwenye baraza."

"Baba Koleta."

"Katiba ipo. Shauri lipo. Shahidi ni mimi."

Wachaga wanatutania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sisi tunakasirika, halafu tunatafuta mahali pa kuwashitaki kwa utani huo. Beatha naye ni Mpare. Alijua kwamba mumewe akishatamka neno shauri, hata mchungaji hamrudishi. Akazima taa.

Baraza la klabu lilikaa Jumamosi mchana, ghalani, juu ya mabenchi ya kuazima. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abednego, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye tangu astaafu alikuwa na njaa ya kesi kama mtu wa Kwaresima alivyo na njaa ya nyama. Alikuja na tai. Wazazi walikuja, vijana wote walikuja, na hata mafundi baiskeli wa jirani waliacha minyororo ya watu wakaja kusimama mlangoni.

Zephania alieleza kila kitu kwa mpangilio: vipele, maswali, Jumatano, kopo la maji, mnong'ono. Alieleza vizuri kiasi kwamba mafundi baiskeli walitikisa vichwa.

Habibu aliitwa. Alikuwa amekuja na pikipiki, kwa hiari yake.

"Shikamoo mzee," alimwambia Abednego. "Mimi huyu binti sijawahi kumfundisha kitu. Kwanza nilimwogopa. Nilidhani kocha Zephania amemtuma aje kutupeleleza. Mtu gani anakuja kushindwa kila wiki kwa nauli yake?"

"Ulimnong'oneza nini?"

"Nilimwuliza kama mguu wa kulia una ugonjwa. Nilitaka kumpeleka zahanati."

Wachache wakacheka. Zephania hakucheka. Alijiambia mtu mwongo huja na jibu lililoiva.

Kisha Redempta akasimama. Alikuwa na sauti ndogo, na Abednego akamwambia apaze.

"Ulicheza Kisiwani?"

"Nilicheza, mzee."

"Kwa ruhusa ya kocha?"

"Bila ruhusa."

"Ulijiachia ushindwe?"

"Hapana. Nilikuwa natafuta kushinda kila mara. Ila nilijiwekea sharti kwamba nikiwa Kisiwani situmii kulia." Akameza mate, akamgeukia Zephania. "Kocha, hapa ndani tunajuana kama vidole. Nikigeuka kushoto Priska ananisubiri, kwa sababu ananionea huruma na kwa sababu anajua nakuja wapi. Nikishindwa kushoto, narudi kulia, nashinda, wewe unafurahi, tunakwenda nyumbani. Ningekaa hivyo miaka yote. Saada hanisubiri. Saada ananilaza, na nikilala pale chini ndipo najua nimekosea nini. Basi narudi na hilo kosa, Alhamisi nakuuliza wewe, tunalifanyia mazoezi hapa, Jumatano nalipeleka tena. Aliyenifundisha kushoto ni wewe."

Treni ya mizigo ilipita taratibu nje, na Redempta akaingoja imalize.

"Mwenyewe unasema mieleka hupikwa jikoni. Ni kweli. Lakini asiyeonja hajui kama chumvi imekolea. Paskali alikuwa anakwenda kushinda. Mimi nilikuwa nakwenda kuonja."

"Kwa nini hukumwambia kocha wako?" Abednego aliuliza.

"Angekataa. Halafu angeanza kunichunguza."

Hapo watu walicheka wote, hata Beatha, na Zephania alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Zile Alhamisi zote zilimrudia. Binti alikuwa akileta makosa yake mkononi kwa mwalimu wake, na mwalimu akimpa nusu, akimrudisha kwa Saada na nusu, alazwe. Alipigwa chini wiki baada ya wiki kwa jambo ambalo yeye alilimeza kwa makusudi. Zephania alitamani ardhi impe nafasi.

Akasimama. "Mwenyekiti, naondoa shauri."

Abednego alimtazama juu ya miwani. "Huondoi."

"Nimelileta mimi."

"Umelileta ukaliacha mezani. Sasa ni la baraza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kocha. Mshitakiwa amekiri amecheza bila ruhusa. Sababu nzuri si ruhusa. Tukimwachia huyu kwa sababu ni hodari, kesho asiye hodari atatuuliza yeye kwa nini alifungiwa, na tutamjibu nini?"

Zephania alitafuta kasoro katika maneno hayo, na hakuipata, kwa sababu katiba aliiandika yeye, tena aliiandika kama mtu wa kushuku, isiwe na tundu hata la kupitisha sindano. Wajumbe wakanyoosha mikono. Redempta akafungiwa mwaka mmoja kucheza kwa jina la klabu, na Priska akapangiwa kwenda Moshi badala yake. Priska akaanza kulia.

"Naomba kuuliza," Redempta alisema. "Katiba inasema aliyefungiwa anaweza kuhamia klabu nyingine."

"Inasema," alisema Abednego.

Kifungu hicho nacho kilikuwa cha Zephania. Alikiweka baada ya mambo ya Paskali, ili mkaidi wa namna hiyo apate mlango wa kutokea bila kelele. Abednego alimwuliza kocha kama ana pingamizi. Zephania alimtazama Redempta, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi hakuona kitu cha kushuku kwenye uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka. Akasema hana pingamizi.

Habibu, kule kwenye benchi la nyuma, alikuwa ameshika kofia yake na kuduwaa. Mtu amekuja kutoa ushahidi, anarudi na bingwa.

"Hongera, kocha," watu walimwambia Zephania mlangoni, wakimpa mkono mmoja baada ya mwingine. "Umeshinda."

Wiki mbili alikwenda ghalani, akafundisha, akarudi. Priska aliamka mapema, akajituma, na alipouliza Zephania alimjibu jibu zima, lakini Priska hakuwa na maswali mengi. Ile nusu ilimkaa kooni. Alijua Redempta atakwenda Moshi kwa jina la kambi ya mkonge, na alijua kwamba bila kugeuza nyonga kwanza, mtu mwenye goti zuri atamvunja. Beatha alichoka kumwona akigeukageuka kitandani.

"Mpelekee," alimwambia.

Jumatano akapanda basi, safari hii bila kofia ya mtu. Alifika gulioni akapita katikati ya watu, akasimama mbele kabisa ya duara, mahali ambapo yeyote angemwona. Redempta alikuwa katikati na Saada. Alikuwa ameingia kwa kushoto, mguu uko mahali pake, na goti la Saada lilikuwa limeanza kukaza. Zephania aliinama bila kujua, aone nyonga itafanya nini.

Redempta akainua macho, akamwona.

Mguu wa kushoto ukarudi chini. Kufumba na kufumbua akabadilisha mkono, ngwala ya kulia ikatoka kama zamani, na Saada akaenda chini mzima mzima. Watu walilipuka kwa furaha. Hawakuwahi kumwona akishinda. Habibu aliruka. Zephania peke yake katika gulio zima alisimama bila kupiga kofi, kwa sababu yeye peke yake alielewa alichokiona. Kilikuwa ni kitu kinachofichwa, na aliyefichwa ni yeye.

Redempta alikuja mbele yake, akipangusa makapi mikononi.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeacha kushoto?"

Binti alisimama kwa heshima, macho chini kidogo, kama anavyosimama mtoto wa watu mbele ya mzee asiyemjua vizuri.

"Sikiliza," Zephania alisema, na maneno yalimtoka haraka. "Akikaza goti la ndani, usivute mkono kwanza. Geuza nyonga, ndipo uvute. Sikukwambia. Nilipaswa kukwambia siku ile ya kwanza."

Redempta alimwangalia sasa, moja kwa moja. Zephania aliyaona macho yakipima, yakilichukua lile jibu na kuligeuza upande huu na upande ule, yakitafuta mtego umekaa wapi, na kwa nini leo, na kwa nini wiki moja tu kabla ya Moshi. Akajua kwamba hataijaribu hiyo nyonga, si kwa Saada, si kwa mtu yeyote.

"Asante, kocha," Redempta alisema. "Priska hajambo?"

"Hajambo," alisema Zephania. "Anakusalimu."